Elizabeth Cotten na Mkono Usiosahihishwa

Katika shule zetu bado wapo walimu, na katika nyumba zetu bado wapo wazazi, wanaoamini kwamba mtoto anayeshika kalamu kwa mkono wa kushoto ana kasoro inayofaa kurekebishwa mapema. Hoja yao huegemea methali ambayo kila mwanafunzi huijua: samaki mkunje angali mbichi. Nakumbuka kwamba tulipokuwa darasa la pili, mwenzetu mmoja mwenye shoto alifungwa mkono wake kwa leso asubuhi nzima ili ajizoeze kuutumia ule mwingine. Alijizoeza kweli. Hata hivyo, mwandiko wake haukupata kunyooka, na tangu siku hiyo hakupenda tena kuitwa ubaoni.

Sikusudii kumlaumu mwalimu yule, kwani yamkini naye alitenda aliyotendewa. Nakusudia kusimulia maisha ya mwanamke mmoja, Mmarekani Mweusi aliyeaga dunia mwaka wa 1987, ambaye pia alikuwa na shoto, na ambaye hakutokea mtu wa kumfunga mkono. Jina lake ni Elizabeth Cotten. Wapenzi wa gitaa linalopigwa kwa vidole humjua kote ulimwenguni. Walimu wetu, kwa maoni yangu, wana sababu kubwa zaidi ya kumjua.

Kabla ya kuingia katika maisha yake, yafaa tukiri kwamba hata lugha haikuutendea haki mkono huu. Kiswahili huuita mkono mmoja wa kulia, yaani wa kulia chakula, au wa kuume, neno lenye asili moja na mume. Ule wa pili wazee wetu waliuita wa kushoto au wa kike. Neno yamini, tulilolipata kwa Waarabu, hubeba maana ya mkono wa kulia na pia maana ya kiapo. Huko Ulaya, neno la Kilatini lililomaanisha upande wa kushoto ndilo lililozaa neno la kuelezea jambo la nuksi na la kutisha, na Wafaransa hutumia neno moja kwa kushoto na kwa mtu asiye na ustadi. Maneno haya si ushahidi kwamba mkono wa kushoto ni dhaifu. Ni ushahidi tu wa mambo waliyoyaamini waliotutangulia, nasi tumeyarithi pamoja na msamiati.

Elizabeth alizaliwa mwaka wa 1893 karibu na Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina, mahali ambapo baadaye palikuja kuitwa Carrboro. Jina la ukoo wake lilikuwa Nevills. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano, na nyumba yenyewe ilikuwa karibu na njia ya reli. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini Marekani mwaka wa 1865, miongo mitatu tu kabla ya kuzaliwa kwake, na katika majimbo ya Kusini Weusi walikuwa wakiwekewa sheria za kuwatenga shuleni, garini na kazini. Mtoto wa kike Mweusi wa mahali pale hakutazamiwa kusoma sana. Alitazamiwa kufua, kupika na kulea watoto wa watu wengine.

Kuna kisa kimoja cha siku yake ya kwanza shuleni ambacho yeye mwenyewe alipenda kukisimulia uzeeni. Nyumbani hakuwa ameitwa kwa jina rasmi. Ndugu zake walimwita kwa majina ya kudekeza tu, kama vile sisi tunavyoweza kumwita mtoto Kadogo au Dada. Mwalimu alipofika kwake katika kuita majina, akamwuliza anaitwa nani, mtoto yule akajipa jina papo hapo: Elizabeth. Mwalimu akaliandika, na likawa jina lake hadi kaburini. Kisa hiki ni kidogo, lakini humwonyesha mtu tutakayekutana naye katika maisha yote yaliyofuata, mtu ambaye alipokosa kupewa kitu alijitengenezea.

Muziki ulikuwamo nyumbani. Kaka yake alikuwa na banjo, nayo haikuwa ya kuguswa na watoto. Elizabeth, akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, alisubiri kaka aende kazini kisha akaichukua kwa siri na kuichezea, na mara kwa mara akakata nyuzi zake. Punde si punde ilimbidi aache shule. Akiwa bado mtoto aliajiriwa kazi za nyumbani kwa Wazungu kwa mshahara wa kiasi cha dola moja kwa mwezi. Fedha hizo zilidundulizwa hadi akaweza kununua gitaa lake mwenyewe kwa dola 3 na senti 75. Kwa mtoto wa hali yake, hiyo ilikuwa jasho la miezi mingi.

Hapo ndipo tatizo la mkono lilipojitokeza, na ili tulielewe hatuna budi kulitazama gitaa lenyewe. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita na limeundwa kwa ajili ya mwenye kutumia mkono wa kulia. Mpigaji hulipakata ili shingo yake ielekee kushoto. Vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi shingoni ili kuchagua sauti, na mkono wa kulia hucharaza. Nyuzi nene zenye sauti nzito huwa juu, karibu na kidevu cha mpigaji, na zile nyembamba huwa chini, karibu na goti. Mpangilio huu una maana. Kidole gumba, ambacho kina nguvu kuliko vingine na hukaa juu, huzidunda nyuzi nene kwa kupokezana na kushika mwendo wa wimbo. Vidole vingine hudonoa zile nyembamba na kuimba lahani. Wasomaji wanaokumbuka santuri za Mwenda Jean Bosco, yule Mkongo aliyeimba kwa Kiswahili, au nyimbo za omutibo za George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya, wamewahi kuisikia kazi ya gumba hata kama hawakujua inavyotendeka.

Sasa mkabidhi mtoto mwenye shoto gitaa hilo. Ana njia kadhaa mbele yake. Anaweza kulishika kama wengine walivyolishika na kuulazimisha mkono wa kulia ucharaze. Wapo waliofanya hivyo wakafaulu. Lakini wengi hulalamika kwamba mkono mwepesi umepewa kazi ya kubana nyuzi, ilhali mkono mzito umeachiwa mdundo, na mdundo ndio uti wa mgongo wa wimbo. Vidole vya kushoto huwahi kufika, vya kulia huchelewa kudonoa, na mwanafunzi hudhani kwamba hana kipaji. Njia ya pili ni kuligeuza gitaa lielekee kulia, kisha kuzivua nyuzi zote na kuzipanga upya ili zile nene zirudi juu. Hivyo ndivyo alivyofanya Jimi Hendrix, kijana wa Seattle aliyezaliwa mwaka wa 1942 na kufa mwaka wa 1970, ambaye wengi humtaja kuwa mpigaji mashuhuri kuliko wote wa gitaa la umeme. Njia ya tatu ni kununua gitaa lililoundwa kwa ajili ya wenye shoto, ambalo hata leo ni adimu madukani, sembuse zamani zile.

Elizabeth hakufuata hata moja kati ya njia hizo. Aliligeuza gitaa, akaziacha nyuzi kama zilivyokuwa. Kila kitu kikawa kichwa chini, miguu juu. Nyuzi nyembamba zikawa karibu na kidevu, zile nene zikawa karibu na goti. Kidole gumba kikajikuta mbele ya nyuzi zisizokihusu, na mdundo mzito ukawa mbali nacho. Badala ya kuubadilisha mpangilio wa nyuzi, mtoto yule alibadilisha mgawanyo wa kazi. Kidole cha shahada, kikisaidiwa na cha kati, kikashika mdundo kwenye nyuzi nene, na gumba likapewa lahani. Mkono wa kulia nao ulilazimika kujifunza kubana nyuzi kwa maumbo yaliyopinduliwa, ambayo hakuna mtu aliyeweza kumwonyesha kwa sababu hakuna mtu mahali pale aliyeyajua.

Baadaye alisimulia kwamba waliomwona walimwambia amelishika gitaa kinyume na kwamba afadhali abadilishe. Hakuweza kubadilisha, akaendelea. Hapo pana jambo la kuzingatiwa na kila anayefundisha. Kilichoonekana kuwa kosa kilizaa sauti ambayo haikuwapo. Kwa kuwa gumba ndilo kidole chenye nguvu, na sasa ndilo lililoimba lahani, nyimbo za Elizabeth zina lahani iliyo imara na wazi, huku mdundo ukienda chini yake kwa wepesi kama nyayo za mtu asiye na haraka. Wapigaji wa gitaa wameupa mtindo huo jina lake. Mwenye mkono wa kulia anayetaka kuupiga wimbo wake leo hukaa chini kwa muda mrefu akijaribu kuviambia vidole vyake vitende kinyume cha mazoea, na bado uzito wa sauti huwa haulingani sawasawa. Waliodhaniwa kuwa wanapiga sawa ndio sasa wanaohangaika kumwiga aliyedhaniwa kuwa anapiga vibaya.

Alipokuwa bado mtoto wa miaka 11 au 12 hivi alitunga wimbo kuhusu magari moshi ya mizigo yaliyopita karibu na kwao, ambao hujulikana kwa jina la Freight Train. Wimbo huo una lahani nyepesi ambayo mtoto anaweza kuiimba, lakini maneno yake yanazungumzia safari, kutoroka na kifo. Leo ni miongoni mwa nyimbo za kwanza ambazo wanafunzi wa gitaa la vidole hufunzwa.

Mwaka wa 1910, akiwa na umri wa miaka 17, aliolewa na Frank Cotten, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, Lillie. Akajiunga na kanisa kwa moyo wake wote. Wazee wa kanisa wakamshauri aache nyimbo za kidunia, kwa kuwa haziendi sambamba na wokovu. Alitii. Gitaa likawekwa kando, likaguswa kwa nadra tu. Zaidi ya miaka 25 ikapita. Mkono ambao hakuna aliyekuwa ameweza kuusahihisha ulinyamazishwa kwa njia nyingine, tena na watu waliomtakia mema. Sisemi haya kwa kuidhihaki imani. Nasema tu kwamba kipawa cha mtoto au cha mtu mzima huweza kuzimwa bila ukali wowote, kwa ushauri mpole wa mtu anayeheshimiwa, na sisi walimu tumo katika kundi hilo.

Ndoa ilipovunjika, alihamia Washington kuishi karibu na bintiye na wajukuu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiuza vitu katika duka moja kubwa. Siku moja akamwona mtoto wa kike amepotea katika msongamano wa wanunuzi, akamshika mkono na kumrejesha kwa mamaye. Mtoto huyo alikuwa Peggy Seeger. Mama alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki, na baba alikuwa Charles Seeger, mtaalamu wa taaluma ya muziki. Kutokana na mkutano huo, Elizabeth akaajiriwa nyumbani kwao kupika na kufanya kazi za nyumba. Watoto wa familia hiyo ndio waliomfupishia jina likawa Libba.

Katika nyumba ile magitaa yalitundikwa ukutani kama vile kwingine kunavyotundikwa picha. Nyimbo za wakulima na wafanyakazi wa Marekani zilikusanywa, zikaandikwa na kujadiliwa sebuleni, ilhali jikoni alikuwapo mwanamke aliyezibeba nyimbo kama hizo kichwani, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Kitambo kikapita. Siku moja watoto wakamkuta amechukua gitaa, amelipindua, anapiga. Peggy na kaka yake Mike wakaduwaa. Vidole vilikuwa havijasahau.

Mike ndiye aliyemrekodi nyumbani kwake, na santuri yake ya kwanza ikatolewa na kampuni ya Folkways mwaka wa 1958. Elizabeth alikuwa na umri wa miaka 65. Wakati huo wimbo wake wa utotoni ulikuwa tayari umemtangulia ng'ambo. Peggy alikuwa ameuimba Uingereza, ukasikika, bendi moja ya huko ikaurekodi, na mwaka wa 1957 ukavuma sana. Lakini katika hati za umiliki yaliandikwa majina ya Waingereza wawili ambao hawakuutunga. Ilibidi familia ya Seeger imtetee ndipo haki yake ikarejeshwa, na hata hivyo zipo santuri ambazo ziliendelea kubeba majina yasiyo yake. Mtunzi halisi alikuwa angali akipata riziki kwa kufagia na kupika.

Mwaka wa 1960 alipanda jukwaani kwa tamasha lake la kwanza rasmi, akiwa pamoja na Mike Seeger, katika chuo cha Swarthmore. Mwaka wa 1964 alialikwa kwenye tamasha kubwa la Newport. Akatunga nyimbo mpya, mmojawapo ukiimbwa santurini na kitukuu chake aliyekuwa na umri wa miaka 12. Mwaka wa 1978 alihamia Syracuse, katika jimbo la New York. Mwaka wa 1984 serikali ya Marekani ilimtunuku heshima inayotolewa kwa mafundi wa sanaa za jadi, na mwaka wa 1985, akiwa na miaka 90 na ushei, alipata tuzo la Grammy kwa santuri iliyorekodiwa mbele ya hadhira. Alifariki Juni 29, 1987, akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka wa 2022, miaka 35 baada ya kifo chake, aliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa roki kama mmoja wa waliowatangulia na kuwaathiri wengine.

Tujifunze nini? Wengine watasema maisha haya yanathibitisha kwamba mwenye kipawa hahitaji mwalimu. Sikubaliani nao. Elizabeth hakuzuiwa na mwalimu, lakini pia hakusaidiwa na yeyote, na hatujui ni wangapi wa rika lake walioshika gitaa kinyume, wakaambiwa wamekosea, wakaliweka chini wasiliguse tena. Tunaowasikia ni waliopenya. Kazi ya shule ni kuwafikiria wale ambao hawakupenya.

Wataalamu hukadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya kumi ana shoto. Katika darasa la wanafunzi hamsini, basi, mwalimu ana watoto watano hivi wa namna hiyo, awe anawajua au hawajui. Kumpiga mtoto ili abadilishe mkono si mbinu ya ufundishaji. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza adhabu ya mwili pamoja na mateso ya kiakili. Leso iliyofungwa mkononi asubuhi nzima ina yote mawili.

Wapo watakaoniuliza kuhusu adabu. Sibishani na desturi ya kula na kusalimiana kwa mkono wa kulia. Mtoto mwenye shoto huweza kufunzwa desturi hiyo kama anavyofunzwa kubisha hodi, kwa kuwa ni suala la heshima kati ya watu. Kalamu, mkasi, jembe na gitaa ni mambo mengine. Hapo mkono unatumika kwa kazi, na kazi huhitaji mkono unaoiweza.

Na ile methali ya samaki? Inahusu malezi ya tabia. Mtoto akiwa mwongo au mvivu, na akunjwe mapema. Lakini shoto si tabia iliyopinda, ni umbile, na hata mvuvi hujua kwamba samaki mbichi ana mahali anapokunjika na mahali anapovunjika.

Msaada unaohitajika ni mdogo na hauna gharama. Mwalimu amketishe mtoto huyo kwenye ncha ya kushoto ya dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Amwelekeze alaze daftari lake likiinama upande wa kulia, kinyume cha wenzake, ili mkono usifute wino ulioandikwa punde. Anapomwonyesha kufuma, kukata au kucharaza nyuzi, aketi wakitazamana, ili mtoto amwone kama anavyojiona kiooni. Na kama hajui jinsi kazi fulani inavyofanywa kwa mkono wa kushoto, amwambie hivyo mtoto na wajaribu pamoja.

Mwalimu yule wa kwanza wa Elizabeth, ambaye jina lake sisi hatulijui, alifanya jambo moja tu. Alimwuliza mtoto anaitwa nani, akasikia jibu, akaliandika kama alivyoambiwa. Hakumwambia kwamba jina hilo si lake. Laiti sisi nasi, mtoto anapoinyakua kalamu kwa mkono asioutarajia mtu, tungeanza kwa kutazama anachoandika.